Namba ya Kasha

Mlango wa mbele uligongwa wakati Thea Vandiver akizitia ufunguo saa za mfukoni. Ndiyo ilikuwa kazi yake kila asubuhi kabla ya kunywa uji: kuzipanga saa za babu mezani, kuzitia ufunguo moja moja, kisha kuzilinganisha na redio. Zote ziliwahi kuwa za wafanyakazi wa reli. Katika mji wa Marlow, Nebraska, karibu kila nyumba ilikuwa na mtu aliyefanya kazi kwenye treni, na watu walizikusanya saa hizo kama wengine wanavyokusanya stempu.

Mlangoni alisimama bibi mmoja mgeni, koti limefungwa vifungo hadi kidevuni.

"Mzee Vandiver yupo?"

"Amekwenda kunyolewa. Mimi ni mjukuu wake, Thea."

"Naitwa Ottilie Krantz. Nimetoka Bexley kwa basi, na basi lenyewe nadhani tulizaliwa mwaka mmoja. Nipe kiti, binti, kabla magoti hayajanikana."

Alipokaa, alitoa mkobani kadi iliyogeuka rangi ya chai.

"Baba yangu alikuwa dereva wa treni," alisema. "Kila wiki mbili aliipeleka saa yake kwa mkaguzi, naye mkaguzi akaandika hapa. Ikikosea zaidi ya nusu dakika kwa wiki, dereva hapandi treni. Wiki ile ile tuliyomzika, kaka yangu akaiuza. Nimeitafuta miaka thelathini na moja. Fundi mmoja kaniambia ipo ya aina yake hapa."

Kisha akaisoma polepole namba ya saa hiyo iliyoandikwa kwenye kadi: mbili, moja, nane, sita, nne, saba.

 Namba ile Thea aliijua kwa moyo. Tena saa hiyo haikuwa ya babu, ilikuwa yake. Alikuwa ameondoa theluji milangoni mwa majirani majira mawili ya baridi, vidole vikipasuka, hadi akaweza kuinunua. Mchana wa siku ile ile ilikuwa iwekwe kwenye maonyesho ya wakusanyaji, ukumbi wa maktaba, juu ya meza ya watoto. Jina lake lilikwishaandikwa.

"Ni hiyo hapo?" aliuliza Bi Krantz, akiionyesha ile iliyokuwa mezani mbele ya Thea.

"Sidhani, bibi. Ngoja nikuangalizie."

Saa ya reli huwa na namba mbili. Moja imechorwa kwenye mashine yenyewe, na hiyo ndiyo aliyoiandika mkaguzi. Nyingine imegongwa ndani ya mfuniko wa kasha, na haina maana kubwa, kwa kuwa kasha hubadilishwa kama koti. Thea aliufungua mfuniko wa saa yake, akaifunika mashine kwa kiganja, akasoma namba ya kasha. Ilianza na tano.

Bibi aliitazama kadi yake, kisha saa. "Hebu soma tena."

Thea akasoma tena.

"Haya. Ukija kuiona ya baba yangu, utaniletea? Sitaki barua. Iweke mkononi mwangu."

"Nitakuletea," Thea akajibu haraka, ili mgeni ainuke.

Bi Krantz aliandika anwani yake pamoja na ile namba kwenye karatasi, akaondoka akishikilia ukuta.

Babu alirudi shingo ikiwa nyekundu. "Kinyozi yule kaninyoa kama kondoo," alisema, kisha akaiona karatasi. Akaisoma. Akaitambua ile namba ya saa ya Thea. "Ulimwambia nini mwenye hii?"

"Nilimsomea namba. Sikumdanganya, babu. Imeandikwa pale pale."

"Namba ya nini?"

Thea alitazama sakafu. "Ya kasha." Akamsimulia yote, hata habari ya kaka aliyeiuza saa.

Babu alikaa bila kuvua kofia. "Ulimpa namba ya kweli ili aamini jambo la uongo. Huko ndiko kudanganya, Thea, hata kama kila tarakimu ilikuwa sahihi."

"Lakini niliinunua kwa jasho langu. Na maonyesho ni leo. Siwezi kumpelekea wiki ijayo?"

"Unaweza. Saa ni yako, mimi sitakunyang'anya. Hata kaka yake, nadhani, alikuwa na sababu zake."

 Thea alisimama mbele ya meza. Mwishowe aliifunga ile saa ndani ya kitambaa, akasema, "Washa gari, babu."

Wakati maonyesho yanafunguliwa, wao walikuwa njiani. Thea alilia hadi Bexley, na babu hakumbembeleza.

Bi Krantz alifungua mlango, wala hakushangaa.

"Ni ya baba yako," Thea alisema. "Nilikusomea namba ya kasha."

"Najua."

"Ulijua?"

"Mimi ni mtoto wa dereva wa treni. Nilikiona kiganja chako."

"Mbona hukusema?"

"Kaka yangu nilimgombeza hadi akaingia kaburini, na sikupata kitu. Nimechoka kudai. Nilitaka nimwone mmoja tu atakayeileta kwa hiari yake." Uso wake haukulainika. "Ningependa kukwambia hainiumi. Inaniuma."

Thea alinyoosha mkono, akaiweka saa kwenye kiganja cha bibi kama alivyoahidi. Bi Krantz aliisogeza sikioni. Akasubiri. Akaihamishia sikio la pili, akafumba macho, akasubiri tena.

"Baba alikuwa akiniwekea sikioni nilale," alisema. "Mwaka jana masikio haya bado yangeisikia." Akafumbua macho, akamtazama Thea. "Inatembea?"

"Inatembea, bibi. Niliitia ufunguo asubuhi."

Bi Krantz aliifumbata saa kwa mikono yote miwili.

"Basi itanibidi nikuamini," alisema.