Stendi ya Chuma cha Kitanda

Jumanne ya tarehe tisa, mwezi wa sita, saa nane na dakika kumi mchana, fundi alirudi karakana kutoka kuswali adhuhuri akakuta injini imegeuka.

Aliiacha imelala ubavu wa kulia, maana asubuhi nzima alikuwa akikwangua gasketi kuukuu upande wa kushoto. Sasa upande wa kushoto ulikuwa chini. Pini ilikuwa mahali pake.

Stendi ya injini ni kitu rahisi. Ina miguu ya chuma yenye magurudumu, nguzo moja iliyosimama, na juu ya nguzo bomba linalozunguka ndani ya bomba jingine. Mwisho wa bomba pana bamba lenye mikono minne, na mikono hiyo hufungwa kwa bolti mgongoni mwa injini. Injini hubaki imening'inia, fundi akaigeuza apendavyo, kisha akapitisha pini kwenye tundu. Pini ikishaingia, injini haiendi kokote. Na ile ilikuwa injini ya gari la zamani, chuma cha enzi hizo, uzito wa watu wawili wazima.

Fundi akadhani amesahau. Watu walimwita Taratibu kwa sababu hakuwahi kufanya jambo kwa haraka, na mtu wa namna hiyo husahau kidogo sana. Lakini umri ni umri. Akatoa pini, akairudisha injini ubavu wa kulia, akaendelea kukwangua.

Stendi ile ilikuwa mpya, kaiunda mwenyewe. Kabla yake alikuwa na nyingine aliyoachiwa na fundi aliyemfundisha kazi, iliyopinda mgongo hata wateja wakaiita Ngamia. Mguu wa Ngamia ulipopasuka, fundi hakwenda kutafuta chuma. Aliingia chumbani kwake, akakaa kwenye kiti, akakitazama kitanda cha mkewe.

Kilikuwa kitanda cha mabomba. Binti yao alikileta mama alipopatwa na kiharusi, na mama akakilalia miaka miwili. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza huota vidonda, kwa hiyo mumewe alimgeuza kwa saa: saa mbili, saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, na usiku vivyo hivyo. Alimlaza ubavu, akamwekea mto mgongoni asirudi chali. Mwili wa mke ulikuwa umekufa nusu, lakini ulimi ulikuwa mzima. Saa ikifika alimwita, "Geuza, mume wangu, huu umeiva." Wakacheka wote wawili, kila siku, mzaha uleule. Na adhana ikiwakuta katikati ya kazi hiyo, alimwambia, "Kaswali kwanza. Nitakusubiri."

Alifariki mwezi wa nne. Fundi alishuka kaburini pamoja na shemeji zake, akamlaza kwa mikono yake, akapanda juu, akarudi nyumbani. Hakulia. Majirani walimsifu kwa subira, lakini haikuwa subira. Saa kumi siku ile alinyoosha mikono kumgeuza, akashika shuka.

Kitanda kingetolewa sadaka, na binti alimsihi hivyo. Hakuweza kukitoa, wala hakuweza kulala karibu nacho. Ndipo Ngamia alipovunjika, na yeye, kama mafundi wote, hakuwahi kutupa chuma. Mabomba ya kichwani yakawa shingo ya stendi. Mbavu zikawa miguu. Ufito mmoja mnene wa chini akaukata ukawa pini. Alijiona amepata njia ya katikati: kitanda hakipo, na hakijatoka nyumbani.

Jumatano injini iligeuka tena. Alhamisi pia. Mwenye gari, mwalimu mstaafu aliyezoea kupita kila siku, aliingia akauliza kama kawaida yake, "Mgonjwa wangu anaendeleaje?" Akaitazama injini, akasema, "Ahaa, leo umemgeuza. Vizuri, asije akaota vidonda." Alikuwa mtu wa utani, hakujua anachosema. Fundi alimwaga chai yake chini, akasema kikombe kimemponyoka.

Mwalimu alipoondoka, fundi alichora mstari wa chaki kutoka bomba la nje hadi la ndani. Akaifunga pini kwa waya, mizunguko saba. Akatoka kunawa mikono bombani, hatua kumi tu. Aliporudi waya ulikuwa na mizunguko saba, pini haikuguswa, na nusu mbili za mstari wa chaki zilikuwa zimeachana shibiri nzima. Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi kamili.

Hapo akaelewa hesabu ya saa zile. Akavuta kigoda, akakaa.

Kuanzia siku hiyo hakutoka tena kufanya kazi nyingine. Alikaa akisubiri saa ifike, na saa ilipofika alifumba macho, kwa adabu, kama mtu anayemstahi mwenzake akivaa. Chuma kikizunguka ndani ya chuma hulia. Chuma hiki hakikulia. Kilitoa sauti ya shuka inayovutwa polepole juu ya godoro, kisha pumzi ndefu ya mtu aliyepata nafuu, na katikati ya harufu ya petroli na oili chafu ikaja harufu ya poda na mafuta ya kuchua. Fundi hakuogopa. Alifurahi, na hilo ndilo lilikuwa la kuogopwa.

Alichukua mto wa marehemu kabatini akautegemeza mgongoni mwa injini. Alizungumza nayo habari za majirani, habari za binti, bei ya gasketi. Siku ya tisa ikamjibu.

"Geuza, mume wangu," ikasema kwa sauti ndogo kutoka ndani ya matundu ya silinda. "Huu umeiva."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Akatoa pini, akaigeuza mwenyewe, na tangu hapo aliigeuza kila ilipomwita.

Halafu saa zikaanza kusogea. Saa sita ikawa saa sita na robo, kisha ikaangukia penye adhuhuri. Saa kumi ikarudi nyuma ikakaa juu ya alasiri. Adhana ilipoanza tu, sauti nayo ilianza, na fundi, ambaye miaka arobaini hakuwahi kuikosa safu ya kwanza, alijiambia amgeuze kwanza ndipo aende, na alipomaliza kumgeuza sauti ilitaka mto uinuliwe kidogo, na mto ulipoinuliwa ilitaka ushushwe, na kuinua na kushusha huko kukaendelea mpaka watu walikuwa wakitoka msikitini na wakati umekwisha, naye amesimama na mikono iliyojaa oili akitetemeka kwa njaa asiyoikumbuka.

Binti yake alikuja Ijumaa na chakula. Alimkuta amekonda, ndevu zimeshikana. Alisimama mlangoni akisikiliza.

"Baba, unazungumza na nani?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Na mama yako. Ingia taratibu, ndiyo kwanza kageuzwa."

Binti aliuona mto wa mama yake, umelowa oili nyeusi. Kisha, baba yake akiwa amefunga mdomo na kumtazama yeye, alisikia kitu ndani ya injini kikivuta pumzi. Aliweka chakula chini, akarudi kinyumenyume hadi barabarani.

Jioni haijafika alirudi na shangazi wa marehemu mama yake, bibi mwosha maiti, ambaye mtaa mzima wanawake wakifa yeye ndiye huwaosha. Ndiye aliyemwosha mkewe fundi. Alikuwa mdogo wa umbo, na mkononi alishika ndoo ya maji aliyoyasomea.

"Shikamoo, shangazi," fundi akasema bila kuinuka.

"Marahaba, mkwe. Nimeosha wengi. Kuitwa kwenye injini ndiyo mara ya kwanza." Akakaa juu ya tairi, akaurekebisha mtandio wake. Hakuitazama stendi. "Niambie. Siku ile nani alishuka kaburini?"

"Mimi na shemeji zangu."

"Ukamlazaje?"

"Ubavu wa kulia. Nikamwelekeza kibla."

"Ukamaliza?"

"Nikamaliza."

"Basi huyu anayegeuzwa kila saa ni nani?"

Fundi aliutazama mto mgongoni mwa injini.

"Na tangu siku ile," bibi akaendelea polepole, "umemwombea dua mara ngapi?"

Fundi aliitazama mikono yake. Hakuwa amemwombea hata mara moja. Dua ya marehemu huombewa marehemu, na yeye asingeweza kuisema bila kusema mkewe amekufa.

"Maiti hatoki kaburini kuja kushinda kwenye spana," bibi akasema. "Lakini kitanda cha mgonjwa hakikai peke yake, mwanangu. Wapo wanaokaa chini yake. Miaka miwili wamesikiliza. Saa wamezijua, sauti wameijua, hata mizaha. Jini hana mapenzi, ana kumbukumbu tu. Sasa adhana ya alasiri inakaribia. Simama umuage, kama ulivyokuwa ukimuaga mkeo."

Wakasubiri. Nje fundi baiskeli alikuwa akigonga rimu, akaacha. Adhana ikaanza. Fundi akainuka, magoti yakilia.

"Mke wangu," akasema, "naenda kuswali."

Pini ilikuwa imeingia hadi mwisho. Injini ikaanza kugeuka.

"Usiende," ikasema.

Binti alimshika bibi begani. Fundi alisimama kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Nilipokuwa nikikuaga," akauliza, na sauti yake ilikuwa ya kubembeleza bado, "ulikuwa ukiniambiaje?"

Maneno yale ya kumtuma akaswali iliyajua, maana yalisemwa kila siku juu ya chuma kilekile. Ilijaribu. Kooni mwa silinda palisikika kitu kikikwama, kikisukuma, kikirudi, na badala ya maneno yale ikasema huu umeiva, geuza, huu umeiva, kwanza kwa sauti ya mke, kisha kwa sauti mbili, kisha kwa sauti isiyo ya mke wala mume, na injini ikazunguka mara moja kamili na mara ya pili na mara ya tatu na pini ikiwa ndani ya tundu lake, oili ikirushwa ukutani, mto ukipasuka na pamba yake kuruka, harufu ya poda ikizidi mpaka ikawa uvundo wa maji ya mtaro, na katikati ya yote hayo bibi akisoma Aya ya Kursiyyu kwa sauti ileile ndogo, bila haraka, kama mtu anayehesabu sanda.

Alipofika mwisho akamwaga maji. Injini ikasimama.

"Kata," akamwambia fundi. "Mimi siwezi kukukatia."

Fundi alipanga matairi chini ya injini. Akachomoa pini, akafungua bolti nne, injini ikaangukia matairini kwa kishindo kimoja, chuma tu. Kisha akachukua msumeno na kuikata shingo ya stendi. Alikata kwa muda mrefu, na kila alipovuta msumeno alilia, kilio cha miezi miwili. Bomba lilipoachana, upepo wa baridi ulitoka ndani yake, ukapita katikati yao, na bati la mlango likapiga ukuta.

Vipande vilipelekwa kwa mhunzi, vikayeyushwa. Ngamia aliungwa mguu, na injini ya mwalimu ikamalizwa juu yake. Fundi alirudi kwenye safu ya kwanza. Nyumba ilikuwa kimya, na kimya hicho kilimuuma kuliko alivyotarajia. Dua ya mkewe bado hakuwa ameisema. Kila siku alisema kesho.

Siku moja baada ya chakula cha mchana alijinyoosha kitandani kwake, akalala ubavu wa kulia. Mlango alikuwa ameufunga kwa komeo.

Aliamka amelala ubavu wa kushoto. Mgongoni kulikuwa na mto, umebanwa vizuri, kwa ustadi, kama alivyokuwa akiubana yeye mwenyewe ili mgonjwa asirudi chali. Hakuwa na mto wa pili nyumbani. Saa ilikuwa nane na dakika kumi. Poda ilinukia.

Hakugeuka. Alitazama ukuta wa mbele yake, ambapo ovaroli yake ilining'inia msumarini, na akaona mfuko wake umetuna. Akakumbuka. Fundi akichomoa pini haitupi chini, isije ikapotea. Huitia mfukoni.

"Huu umeiva," mtu akasema nyuma ya shingo yake, kwa upole.

Ilikuwa sauti ya mkewe hasa. Fundi alilala palepale, machozi yakipita juu ya pua yake hadi shukani, na hakuna aliyejua ila Mola wake jinsi alivyotaka kujibu. Angejibu neno moja tu, na asingekaa peke yake tena.

Aliinuka bila kutazama nyuma. Akatia mkono mfukoni mwa ovaroli, akaitoa pini, ilikuwa na joto kama mkono. Akatawadha nayo ikiwa kwapani. Akampitia mhunzi, akaitumbukiza mwenyewe kwenye makaa, akasimama mpaka ikawa nyekundu na nyundo ikaifuta umbo. Kisha akaenda mahali ambapo hakuwa amekwenda tangu mwezi wa nne, akapiga magoti penye udongo uliokwisha kutulia, akainua mikono.

"Ee Mola wangu, mke wangu amekufa. Nilimlaza ubavu wa kulia kwa mikono yangu, na kazi yangu iliishia hapo. Msamehe, umrehemu, umpanulie kaburi lake, ulitie nuru. Mpe pumziko ambalo mimi sikuweza kumpa, asihitaji tena kugeuzwa na mkono wa mtu. Na mimi nifundishe kusubiri, kama yeye alivyonisubiri. Amin."