Sharti Lililomng'oa Haji Jino

Kila Jumamosi, baada ya kufyeka majani na kunywa uji usio na sukari, Sabiri alikimbilia kwenye kompyuta pekee ya shule yao ya bweni mjini Tanga. Ilikuwa ya mtumba, iliyoingia nchini baada ya biashara huria kufungua milango. Wiki ile Mwalimu Methusela alimwagiza aandike programu ya kuwagawa mabondia wa shule kwa uzito.

Sabiri alifuata desturi ya bwalo lao, ambako wadogo hupakuliwa chakula kwanza, akayapanga masharti ya programu kuanzia uzito mdogo. Kama uzito haufiki kilo arobaini, kundi jepesi. La sivyo, kama umefika arobaini, kundi la kati. La sivyo, kama umefika sitini, kundi zito. Kundi zito likatoka tupu. Sabiri alishtuka, lakini kiburi kikamziba kinywa.

Alasiri, rafiki yake Haji, mwenye kilo arobaini na moja, aliitwa apigane na Mwinyijuma, pande la mtu la kilo sitini na nne, kwani programu iliwatia wote wawili kundi la kati.

"Sabiri, huna macho?" Haji alinong'ona. "Huyu ataniua!"

"Kompyuta haikosei. Sema waogopa."

Kiranja wa michezo akapuliza filimbi. Ngumi ya kwanza ilimpasua Haji mdomo. Ya pili ikamzamia ubavuni, akajikunja.

"Mtwange! Mponde kama kisamvu!" wavulana walipiga kelele.

Haji akatema jino. Mwinyijuma akainua mkono tena.

"Acheni! Kosa ni langu!" Sabiri aliruka kamba za ulingo akaingia kati yao, na konde lile likamshukia yeye jichoni. Akaanguka chali.

"We mwehu!" Mwinyijuma alifoka. "Unatafuta kifo?"

Walipokwisha kufungwa majeraha, Mwalimu Methusela aliwaketisha wote mbele ya kompyuta.

"Kilo sitini na nne zimefika arobaini?"

"Zimefika, Mwalimu," alijibu Sabiri, jicho limevimba.

"Basi mashine ilikwisha kupata jibu. Ya nini kuuliza la sitini?"

Sabiri akalipandisha swali la sitini juu ya lile la arobaini, kisha akajaribu kila uzito. Mwinyijuma akaangukia kundi zito.

"Na jino langu, ndugu yangu," Haji aliuliza, "utalipandisha wapi?"

Sabiri akainamisha kichwa. "Nisamehe, Haji. Niliona, nikanyamaza."

"Kukosea sharti ni uanafunzi," alisema Mwalimu kwa ukali. "Kuliona kosa na kulinyamazia ni ukatili. Mashine haina aibu, Sabiri. Wewe unayo, itumie kabla damu haijamwagika."