Kila Jibu Lilizidi Moja

Asubuhi fundi wa kuchomelea vyuma alimfunga binti yake kamba za viatu. Mkewe alikuwa ameshakaa kwenye cherehani, anashona vifungo vya sare za watoto wa watu. Hakuna aliyezungumza.

Zamani asubuhi ya nyumba hii ilikuwa na makelele. Wasichana wawili waligombania sabuni, kioo, na nani atangulie kutoka mlangoni. Walikuwa mapacha. Hata shangazi yao alikuwa akiwachanganya. Alama ya kuwatofautisha ilikuwa moja tu, doa dogo jeusi chini ya jicho la mmoja wao. Ndiyo maana huyo akaitwa Kidoti.

Mwenzake alifariki kwa homa ya mapafu, miezi mitatu kabla ya shule kufunguliwa. Majirani waliozoea kumwita fundi "Baba Pacha" walianza kujikwaa. Wengine walilitamka nusu, iliyobaki wakaimeza.

Siku ya mazishi Kidoti alipelekwa kwa shangazi. Aliporudi aliuliza dada yuko wapi. Baba akasema dada amesafiri. Mtoto akauliza atarudi lini, baba akajibu kwamba wataona. Tangu siku hiyo jina la marehemu halikutajwa tena ndani ya nyumba.

Kidoti akaanza darasa la kwanza. Fundi alikuwa na hamu ya kuyaona madaftari yake. Kwake yeye hesabu ndiyo ugali wa kila siku, kwa sababu dirisha likizidi sentimita moja halifungi. Lakini mtoto alirudi na vumbi magotini na nyimbo mdomoni. Akiulizwa wamefanya nini, alijibu kwamba wamecheza duka. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua geti lake alimtania fundi kuwa mwisho wa mwaka binti atafaulu kuruka kamba kwa alama za juu. Karakana nzima ilicheka. Fundi alicheka pia, lakini kicheko cha juujuu.

Akaamua kumfundisha mwenyewe. Alimchorea vijiti vitatu, mtoto akaandika nne. Alimchorea vitano, akaandika sita. Mbili kujumlisha moja, akaandika nne. Fundi alimvuta sikio. Siku iliyofuata alimpiga rula vidoleni. Kidoti alihesabu upya, taratibu, kwa sauti, akafika palepale. Hakulia. Kule kutolia ndiko kulikomtia mama hofu.

Fundi akasema mbovu ni shule. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na shule nyingine. Huko watoto walikaa kimya, wakanakili ubaoni tangu asubuhi mpaka kengele. Ijumaa angemhamishia huko.

Mama aliijua shule hiyo. Ndiye aliyewashonea sare. Watoto wa shule hiyo walipokuja kupimwa, walijikunja kila aliponyanyua futi yake ya kupimia, kana kwamba watachapwa. Alimsihi mumewe asimtoe mtoto pale alipo, kwa kuwa darasani ndimo mahali pekee ambamo Kidoti alikuwa bado anacheka. Mume alimwambia kwamba kicheko hakijazi daftari.

Ijumaa fundi akaenda shuleni kuomba uhamisho, daftari mkononi. Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa mwanamke mfupi mwenye chaki mpaka kwenye nyusi. Hakubishana. Alilipokea daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa kana kwamba ni barua.

"Baba Kidoti," alisema, "mtoto asiyejua kuhesabu hukosea huku na huku. Leo anapunguza, kesho anaongeza. Wako anaongeza moja, kila mahali. Huyu anajua kuhesabu. Ana sababu yake."

"Sababu gani, Mwalimu?"

"Nimeiona jana tu. Nilikuwa nakuandikia barua uje. Kaa hapo, uone kwa macho yako."

Fundi akakaa kwenye benchi la watoto, magoti yakamfika kifuani. Mbele yake wengine walikuwa wakichora herufi kwa kidole kwenye sinia la mchanga. Wengine walijenga mnara kwa vipande vya mbao na kubishana kama umefika urefu wa mlango. Kwenye kona palikuwa na duka la maboksi matupu. Vizibo vya soda vilikuwa mayai, na muuzaji alikuwa Kidoti.

Mvulana mwenye mapengo alikuja akataka mayai matatu, tena yasiwe na ufa. Kidoti alimhesabia matatu. Kisha akachukua kizibo cha nne, akakiweka nyuma yake ndani ya kopo. Akaja wa pili, akataka mawili. Akapewa mawili, na kingine kikaingia kwenye kopo.

Mwalimu akachuchumaa, akauliza kwa upole, "Hiki cha nani, mwanangu?"

"Cha dada," Kidoti alijibu bila kuacha kazi. "Amesafiri. Asije akakuta vimeisha."

Fundi alilitazama lile kopo. Lilikuwa linakaribia kujaa. Akavikumbuka vile vidole alivyovipiga rula, akainuka na kutoka nje.

Mwalimu alimfuata. Alimweleza kwamba mtoto wa miaka sita hujifunza kwa mikono kabla ya karatasi. Mchanga humlegeza vidole ili kesho penseli isimtese. Mnara humfundisha kupima, na duka humfundisha kuhesabu, kusema na kusubiri zamu. Michezo hiyo haiji ovyo. Yeye huipanga kila siku, halafu huandika alichokiona kwa kila mtoto.

"Kwenye daftari unaona jibu," alisema. "Kwenye mchezo namwona mtoto anapita wapi mpaka kulifikia."

Fundi alimweleza kwamba dada huyo alifariki nao wakamficha mtoto, akakiri na habari ya rula. Akasema, "Nilitaka asiumie."

"Najua, baba. Lakini ameumia, na ameumia peke yake."

Mwalimu akamwambia afanye nini. Wamweleze ukweli kwa maneno mafupi. Wasiseme amesafiri, wala amelala, kwa sababu aliyesafiri hurudi na aliyelala huamka. Waseme amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi, na si kosa la mtu yeyote nyumbani. Na rula ikae mbali na vidole.

Siku hiyohiyo mama aliifunika cherehani mchana. Walimweka Kidoti katikati yao kitandani. Baba ndiye aliyelitamka neno, kwa kuwa ndiye aliyelificha. Kidoti aliuliza kama kufa kunauma. Aliuliza kama mama naye atakufa kesho. Walimjibu kila swali kwa ukweli. Mwishowe akamgeukia baba.

"Sasa vitu nilivyomwekea?" aliuliza.

Hapo ndipo alipolia. Wakalia wote watatu, na baba akamwomba msamaha kwa ajili ya vidole.

Wiki iliyofuata Kidoti aliliacha duka. Alichukua mwanasesere wa matambara, akamlaza. Mwenye mapengo akawa daktari. Mwanasesere alikufa Jumatatu, akafa Jumanne, akafa tena Jumatano. Daktari alilalamika kwa mwalimu kwamba kwa mwendo huo atafukuzwa kazi. Fundi aliposikia aliingiwa na hofu, akaenda kuuliza. Mwalimu akamwambia wamwache, kwani mtu mzima anapoomboleza hutafuta maneno, mtoto hutafuta mchezo. Wiki mbili baadaye mwanasesere alipona homa, kisha akapelekwa shule.

Suala la uhamisho halikuzungumzwa tena. Nyumbani, Kidoti alimpangia mama vifungo kwa rangi na kwa idadi ya matundu. Mashine zikizimwa, baba alimpa nati azitenge kubwa na ndogo, akamuuliza zipi ni nyingi. Alipokosea, walihesabu pamoja upya. Fundi alitengeneza fremu ya chuma yenye nyaya kumi, akatunga vizibo kumi kwenye kila waya, akalainisha kingo zote, akaibeba begani mpaka darasani.

Mwisho wa muhula wazazi waliitwa kuona watoto wanavyojifunza. Mwalimu alimwomba Kidoti asogeze vizibo saba kwenye ile fremu. Kidoti alisogeza kimoja kimoja, akihesabu kwa sauti, mpaka saba. Kidole chake kikagusa cha nane, kikatulia hapo.

Darasa lilisubiri.

Kidoti akaondoa kidole. "Saba," alisema.

Watoto walipiga makofi, na mwenye mapengo akapiga kwa nguvu kuliko wote. Fundi alipiga makofi pia. Mama alitaka kupiga, lakini mikono yake yote miwili ilikuwa imeufunika uso.