Njia ya Kisimani

Haya yalimkuta mdogo wangu, fundi cherehani, na mimi sina tabia ya kumzushia mtu. Yeye, mumewe na binti yao mdogo walihamia nyumba mpya pembezoni mwa jiji, mahali palipokuwa kitongoji kabla maghorofa hayajakimeza. Siku hizi kule ni saruji tupu, hata udongo wa kupandia maua unanunuliwa.

Mwenye duka wa jirani, mama aliyezaliwa kitongojini hapo, alimwonya mapema.

"Mwanangu, sebule yako imekaa juu ya njia yetu ya kisimani. Wale wa zamani bado wanapita. Ukisikia hodi mchana, fungua mlango wa mbele na wa nyuma, sema piteni. Usiwakaribishe."

Mdogo wangu alicheka. Shemeji yangu, mjuaji asiyeshaurika, akaziba kabisa mlango wa nyuma kwa matofali ili apate ukuta wa televisheni. Televisheni, jamani.

Mchana mmoja mdogo wangu alikuwa anashona, binti amelala mkekani, mlango wa mbele uko wazi. Ikaja hodi, sauti ya mwanamke, ya upole. Naye kwa mazoea, bila kuinua macho, akajibu, "Karibuni."

Hakuona mtu. Alisikia nyayo, nyingi. Zikaenda mpaka ukutani, zikasimama. Hazikurudi. Nyingine zikazidi kuingia.

Binti akafumbua macho. "Mama," akanong'ona, "wamejaa. Wanauliza watokee wapi."

Mdogo wangu alitaka kumfikia, akasukumwa nyuma na asiowaona. Alichoweza ni kumpigia mumewe simu. Shemeji alipofika alimkuta mtoto kabanwa ukutani, shavu kwenye tofali, miguu haigusi sakafu. Hakuna aliyemshika. Pumzi zinamwishia.

Shemeji alichukua nyundo, akaanza kubomoa.

Tofali la tatu lilipoanguka, mtoto alilegea, akalia. Wote tulilia siku ile, na shemeji zaidi yetu.

Mlango wa nyuma sasa haufungwi hata mvua ikinyesha. Ila binti akiamka usingizi wa mchana, lazima aoshwe miguu. Nyayo zake huwa na tope jekundu, bichi. Jana nilimwosha mimi. Kisima chenyewe kilifukiwa kabla mama yake hajazaliwa.

Nilipokuwa namkausha, akaniinamia sikioni.

"Mama mkubwa, naomba ndoo ndogo. Wenzangu wote wanazo."