Upepo Upite, Maneno Yabaki

Saa kumi na moja jioni foleni ya lifti ilikuwa imefika hadi ngazi za nje, kila mtu na mfuko wake na haraka yake. Msanifu majengo, dada mrefu mwenye gauni la manjano na viatu vilivyojaa vumbi la saruji, alikuwa amekumbatia boksi la vipimajoto kama amebeba mayai. Mtu akamkanyaga.

"Samahani, dada."

"Samahani haiponyi kidole."

"Basi nikubebee boksi, kidole kipumzike."

Akageuka. Mabega mapana, ovaroli ya bluu, tepu ya rangi ya fedha mkononi kama bangili. Kifuani imeandikwa: Fundi Viyoyozi.

"Kumbe adui yangu mwenyewe," akasema, akampa boksi.

Na kweli. Jengo hilo la ghorofa kumi na mbili alilichora yeye, bila kiyoyozi hata kimoja. Vivuli vya zege juu ya madirisha, ukuta mnene upande wa jua la jioni, na juu ya kila mlango matundu ya kupitisha upepo kutoka dirishani hadi kwenye korido.

"Nchi za theluji nyumba inavalishwa sweta," alimweleza wakipanda. "Huku kwetu wanaivalisha sweta hiyohiyo, ikishaanza kutoka jasho wanakuita wewe."

"Waendelee kuniita. Ila ukiniita wewe nitakuja hata kama hakuna kilichoharibika."

Akamwita. Wiki tatu simu hazikupoa. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula vumbi." "Nakuja na sahani." Visingizio havikukosekana, maana shangazi yake fundi alikuwa mpangaji wa ghorofa ya tisa.

Jumatatu moja mwenye jengo akamwita msanifu. "Mwanangu, wapangaji wanaiva humo ndani. Jumamosi saa tisa mchana napima mwenyewe. Ikizidi nyuzi ishirini na tisa, nafunga viyoyozi kila nyumba, na ule mnara wa pili nautafutia mchoraji mwingine."

Mnara wa pili ulikuwa miaka miwili ya maisha yake.

Alipanda na kigoda na kipimajoto, apime mlango kwa mlango. Akaanzia ghorofa ya tisa, kwa shangazi: nyuzi thelathini na mbili. Akainua macho. Matundu yote yamezibwa kwa tepu ya rangi ya fedha, imenyooshwa vizuri, haina hata kunyanzi. Mkono huo aliujua. Akapiga simu.

"Wewe ndiye uliyeziba?"

"Ni mimi, lakini..."

"Na viyoyozi vikija, kazi ya nani?"

"Yangu. Mpenzi, nisikilize..."

Akakata. Akalia dakika mbili, akafuta uso, akapanda kigoda kubandua.

Shangazi akatoka, mikono kiunoni. "Bandua, mwanangu. Nitaziba tena kwa matambara. Matundu yako yanapitisha upepo na maneno. Jirani wa mbele anazijua mpaka dawa ninazokunywa. Umbea naupenda, lakini uwe wa wengine. Kijana alituzibia jengo zima, nikamwapisha asikwambie. Jengo hili ni mwanao; nani atamwambia mama kuwa mwanawe ana kasoro?"

Msanifu akakaa juu ya kigoda. Alipima jua, akapima upepo. Kukaa ndani ya nyumba iliyojaa watu wanaoongea hakuwahi. Akapiga simu tena.

"Uko wapi?"

"Natoka kwa mwenye jengo. Nimemwambia matundu niliziba mimi, na kazi ya viyoyozi siitaki."

"Umejimwagia unga."

"Umeshamwagika. Njoo chini na karatasi, nikuonyeshe kitu."

Mafundi wa hewa wanajua: bomba likinyooka, sauti inateleza moja kwa moja. Likunje mara mbili, litandike sponji ndani, upepo utapinda na sauti itachokea konani. Wakakata bati watengeneze sanduku lililokunjwa hivyo, la kuwekwa juu ya mlango penye matundu. Sanduku la kwanza lilikuwa jembamba, upepo ukakwama, wakagombana. La pili lilipitisha kikohozi. La tatu likakubali, na kufikia Ijumaa kila mlango ulikuwa na lake.

Jumamosi saa tisa, kwa shangazi, mwenye jengo alitazama kipimajoto, akafuta miwani, akatazama tena. Ishirini na nane.

"Chora mnara wako. Na hayo masanduku nayataka huko pia."

Akashuka, akawaacha wawili koridoni. Upepo wa korido ulicheza na pindo la gauni. Nyuma ya mlango shangazi alikuwa kwenye simu, akisimulia harusi ya watu kwa sauti yake yote.

"Unamsikia?" msanifu akauliza.

"Hata neno."

"Basi na yeye hatusikii. Nioe."

Fundi akafuta mikono kwenye ovaroli, akaifuta tena. "Nilikuwa najipanga kusema mimi."

"Unachelewa, na mimi nina mnara wa kuchora."

"Nitakuoa. Ila shangazi atataka kujua nani alianza, neno kwa neno."

"Mwambie ulipiga magoti ukaniomba."

"Huo uongo."

"Hiyo siri ya kwanza ya nyumba yetu. Haya, gonga."

Ilibidi agonge mara tatu kabla shangazi hajasikia.