Kipimo cha Kivuli

"Nimekuona, Radka! Ulichutama nyuma yangu na uzi mkononi!"

"Umeona nini wewe? Jua limekupiga kichwa. Jaza upepo hilo gurudumu twende, giza litatukuta."

"Fungua kiganja."

"Sifungui. Usinifanye mtoto mwenzio."

Ndugu hao wawili, Radka na mdogo wake Nevena, walikuwa wamesimama katikati ya barabara ya msituni, baiskeli zao zimelazwa majanini. Walikuwa wametoka nyumbani kwao, juu kabisa kwenye milima ya Rodope, wakashuka mabonde na kupanda vilima kwa siku kumi, na sasa ilibaki siku moja tu waione Bahari Nyeusi. Huko pwani Stoyan, mchumba wa Radka, alikuwa anajenga nyumba ya ndoa yao.

Safari ilikuwa wazo la Radka. "Twende wawili tu, kabla sijaolewa," alisema, na Nevena, aliyempenda dada yake kama roho yake, akalia kwa furaha. Asubuhi ya kuondoka mama yao aliwapikia banitsa, andazi la tabaka lenye jibini. Akamsimamisha Nevena getini juani, akachutama nyuma yake kumkung'uta vumbi la suruali. Kisha akamwaga ndoo ya maji barabarani, ili safari yao iteremke kama maji.

Sasa macho ya Radka yalikuwa yanakwepa.

Nevena akachukua chupa, akateremka peke yake hadi kwenye chemchemi iliyokuwa chini ya daraja la mawe.

Maji yalidondoka. Ti... ti... ti...

Halafu ikaja ile harufu. Chokaa mbichi. Ilikuwa ikimfuata tangu siku ya kwanza, naye alidhani ni jasho na vumbi la njia. Hapa ilikuwa nzito mpaka ikamwasha pua.

"Binti," sauti ikanong'ona. "Umepimwa?"

Kijana mmoja alikuwa ameketi kwenye jiwe, mgongo wake umeegemea nguzo ya daraja. Suruali yake ilikuwa ya sufu, ya kizamani, na nyusi zake nyeupe kwa chokaa. Jua la magharibi lilipenya chini ya daraja likampiga kifuani. Kivuli cha jiwe kilikuwepo. Kivuli cha Nevena kilikuwepo, kirefu, chembamba.

Cha yule kijana hakikuwepo.

"Nimepimwa... na nani?"

"Mimi alinipima kaka yangu, mwashi. Daraja lilianguka kila walipolijenga. Akapima kivuli changu kwa uzi nikiwa nakula mkate, wakaufukia uzi humu ndani." Akaipapasa nguzo kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. "Siku arobaini, nikafa. Daraja halijaanguka tena."

"Kwa nini wewe?"

"Kivuli cha mgeni hakishiki. Kinachoshika ni cha damu ya wanaojenga."

Chupa ikamponyoka Nevena, akainama kuiokota. Alipoinua kichwa, jiwe lilikuwa tupu.

Lilikuwa na unyevu mweupe, na harufu.

Hakuna mtoto wa milimani asiyeyajua hayo. Mama yao mwenyewe ndiye aliyewafundisha wangali wadogo. Alikuwa akiwavuta masikio: ukiwaona waashi, zunguka, kivuli chako kisiguse msingi. Nevena alipanda kilima mbio.

Radka alikuwa ameketi majanini analia. Uzi mwekundu ulikuwa umelala mapajani mwake, mrefu kama mtu.

"Niambie, dada. Ni ukuta wa Stoyan?"

"Umeanguka mara tatu," Radka akanong'ona. "Mama yake akasema bila uzi hakuna nyumba, na bila nyumba hakuna harusi. Kila jioni nilikuwa nautoa uzi, nakuona unacheka, naurudisha mfukoni."

"Leo hukuurudisha."

Radka akaukunja uzi, akaukunjua.

"Mimi nilidhani umenialika kwa sababu unanipenda."

Radka akajaribu kumshika mkono. Nevena akaukwepa. Walikaa hivyo mpaka upepo ukawa baridi, ndipo Radka akamwekea uzi miguuni.

"Uchome wewe mwenyewe, mdogo wangu. Sitaki nyumba. Kesho namrudishia pete yake."

Nevena akawasha kiberiti. Uzi ukajikunja, ukalia kidogo kama nywele zinazoungua, ukawa majivu. Akavuta pumzi ndefu. Hakumsamehe dada yake siku ile, lakini alimpa nusu ya mkate.

Baadaye simu ya Radka ikaita. Ni mama.

"Mmefika wapi? Na Nevena hajambo? Hasikii baridi?"

"Hajambo, mama."

"Hasikii baridi kweli?" akauliza tena.

Nevena alikuwa amevaa sweta mbili, na bado alitetemeka.

Jioni ya pili yake wakaiona bahari. Hawakushangilia. Walipita mashamba ya mizabibu wakisukuma baiskeli, bega kwa bega, Radka akizungusha pete kidoleni. Wakakata kona ya mwisho... wakasimama.

Nyumba ilikuwa imesimama.

Kuta zake zilikuwa zimenyooka, zimepakwa chokaa, hazina hata ufa.

"Lakini... hakukuwa na ukuta hapa," Radka akasema. "Kulikuwa na kifusi."

Nevena aliuwekea ukuta kiganja. Ulikuwa na joto, kama ubavu wa mtu aliyelala. Akakipeleka kiganja puani. Kilinuka chokaa mbichi.

Taa ya mlangoni ikawashwa. Kivuli cha Radka kikaanguka ukutani, cheusi. Vya baiskeli vikaanguka, viwili. Pale alipokuwa amesimama Nevena kulikuwa na kitu hafifu, kama doa la maji linalokauka.

Mlango ukafunguliwa. Mama yake Stoyan alitokea na mkate wa kupokelea wageni, chumvi pembeni, akitabasamu kwa upole wote wa dunia.

"Mbona mmeduwaa, wanangu? Ukuta umesimama tangu wiki iliyopita. Mama yenu hakuamini kama Radka angeweza, basi yeye mwenyewe akampima mdogo wake pale getini asubuhi mlipoondoka, akatutumia uzi kwa basi. Ingia, Nevena. Hii ni nyumba yako."