Jina la Mtoto wa Cheruto

Jua lilikuwa linazama nyuma ya maghala ya mahindi ya Rongai wakati Jepleting alipowaaga wateja wa mwisho wa cyber yake, akateremsha mlango nusu na kuketi mbele ya kompyuta. Chini ya meza ilikoroma seva yake, sanduku jeusi lenye feni kuukuu. Aliiunda mwenyewe baada ya kuchoka na mikutano ya bure ya mtandaoni, ile inayowakata wazee katikati ya maombi kabla hata hawajafika amina. Sasa ukoo mzima ulikutana humo, kwa harusi, kwa matanga, na hata kwa ugomvi wa mashamba.

Jioni hii ilikuwa ya furaha. Kule Olenguruone, Cheruto, mke wa kaka yake, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na Kogo, nyanya yao, alikuwa tayari kumtafutia jina kama ilivyofanywa tangu zamani. Akina mama hutaja majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine. Mtoto akipiga chafya, basi huyo aliyetajwa ndiye aliyerudi. Huku kwetu makanisa yanajaa hadi nje kila Jumapili, lakini chafya ya mtoto bado inangojwa.

Baba wa mtoto, Kiplimo, alikuwa dereva Uarabuni. Hakuwa amemwona mwanawe hata kwa picha, maana Cheruto alikataa kutuma. "Atamwona siku ya jina, tukiwa wote," alisema, na mwanamke wa milima ya Mau akishasema amesema. Kwa hiyo Jepleting alikuwa na kazi moja tu: kaka yake amwone mtoto.

Na kazi hiyo ilikuwa inamshinda.

Nyumba ya Olenguruone ilionekana vizuri kwenye skrini. Kogo alikuwa ameketi karibu na moto, mtoto mapajani, kikopo cha ugoro wa kuamsha chafya mkononi. Kando ya picha hiyo kulikuwa na kisanduku cheusi chenye jina la Kiplimo. Sauti yake ilikuwa inafika. Picha haikufika.

"Kip, niaje? Unanisikia?"

"Nakusikia..." Sauti ilitoka chini, kama ya mtu aliyejifunika blanketi mpaka kichwani. "Huku ni giza, Jepleting. Sioni mtu."

"Washa kamera."

"Nifungulie..."

Jepleting hakushtuka. Ugonjwa huo aliujua. Sauti ni nyepesi, hujipenyeza popote. Picha ni nzito, inataka mlango wake katika ukuta wa ulinzi wa seva. Mlango ukifungwa, watu husikizana bila kuonana. Akaanza kuikagua milango ya seva, mmoja mmoja.

Kule nyumbani Kogo alianza kutaja.

"Kipkirui..."

Kimya. Mtoto alitazama moto tu.

"Kipkemei..."

Kimya.

Tangu utotoni Jepleting alijua kwamba wakati huo jina la aliye hai halitajwi. Ukilitaja, umempeleka kwa wafu. Alipaswa kuzima maikrofoni yake. Lakini mafundi wa mikutano wana tabia yao: hawawezi kugusa kitu bila kuuliza, unanisikia, unaniona? Hata usingizini wanauliza.

Akaupata mlango uliofungwa. Akaufungua. Akaiwasha upya ile sehemu ya seva inayopitisha picha...

Harufu ya ugoro ikamjia puani.

Akageuka. Hakukuwa na mtu. Yeye alikuwa Rongai, na ugoro ulikuwa Olenguruone.

Kisanduku cheusi kikawaka.

Haikuwa picha ya chumba cha Uarabuni. Ilikuwa sura ya mtoto. Kwa karibu sana, kutoka juu, kama anavyoonwa na mtu aliyeinama kumbusu. Jepleting akatazama picha ya Olenguruone. Kogo alikuwa wima kitini. Cheruto alikuwa mbali, mlangoni. Hakuna aliyeinama.

Lakini mtoto alikuwa ameinua macho. Anamtazama mtu.

"Kiplimo?" Jepleting aliita. "Kiplimo, uko wapi? Kiplimo!"

Mtoto akapiga chafya.

Mama mmoja alianza kupiga vigelegele, vikamfia mdomoni. Kisanduku kikarudi kuwa cheusi.

"Nani ametaja hilo jina?" Kogo alinong'ona.

Cheruto akacheka, kicheko cha mtu anayetafuta wa kucheka naye. "Kogo, ni baridi tu. Huku Mau nani hapigi chafya?"

Hakuna aliyecheka naye.

Simu ya Jepleting ikaita, akatoka nje kuipokea. Ilikuwa namba ya Adongo, dereva mwenzake Kiplimo, aliyelala naye chumba kimoja. Alikuwa analia.

"Sista... pole. Kip ametuacha. Alilala mchana baada ya shift. Nimerudi sasa hivi kumwamsha, hakuamka."

"Hapana. Nimeongea na yeye sasa hivi."

"Simu yake imezima, sista. Iko chini ya pillow."

"Amekufa saa ngapi?"

"Sijui."

"Adongo, mguse! Ni baridi ama bado ana joto?"

"Chumba yetu iko na AC," Adongo akasema kwa kwikwi. "Kila kitu hapa ni baridi."

Jepleting alirudi ndani, akaweka simu mezani. Kama Kiplimo alikuwa amekwisha kufa, basi alikuja kumwona mwanawe. Kama alikuwa bado anapumua, basi dada yake mwenyewe ndiye aliyemtaja miongoni mwa wafu. Hakuna fundi duniani ambaye angemtafutia jibu hilo.

Kwenye skrini, Cheruto alikuwa amembeba mtoto na kumleta karibu na kamera. Alikuwa amejipamba kwa ajili ya mumewe, na kitambaa kipya kichwani.

"Shem, network ilishika? Kip amemwona mtoto?"

"Amemwona," Jepleting akasema. "Amemwona vizuri sana."

Cheruto akatabasamu, akambusu mtoto. Jepleting akazima maikrofoni yake ili kule nyumbani wasimsikie, akalaza kichwa mezani, akalia kuliko alivyowahi kulia.

"Jepleting..."

Ile sauti ya mtu aliyejifunika blanketi ilitoka kwenye spika, chini, polepole. Kule Olenguruone hakuna aliyegeuka.

"Mbona unalia? Niambie basi... mtoto ameitwa nani?"